Mintarafu ya Usalama wa Wazoa Taka Barabarani

Miongoni mwa mambo ya mji ambayo watu huyaona kila siku, na kwa sababu hiyo hiyo hawayatazami, ni kazi ya kufagia na kuzoa taka kandoni mwa barabara kuu. Kazi ambayo, ijapokuwa manufaa yake ni dhahiri kwa kila mwenye pua na macho, hatari yake haijapata nafasi katika mazungumzo ya watu wala katika hesabu za wale wanaoipangia bei. Mjini Dar es Salaam, ambako sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu zaidi ya milioni 5.3, kazi hii hufanywa katika Barabara ya Morogoro, ya Nyerere, ya Mandela, ya Kilwa na ya Ali Hassan Mwinyi, alfajiri na mchana, na watu ambao baina ya miili yao na magari yaendayo kasi hapana kizuizi ila mstari mweupe uliochorwa chini, na mara nyingine hata huo umekwisha kufutika. Ninakusudia kuuliza hatari hiyo yatoka wapi, ni nani mwenye dhima nayo, na kwa nini dawa ambayo kila mtu huitaja kwanza, yaani kile kizibao cha rangi kali, ilistahili kutajwa mwisho.

Wafanyao kazi hii si watu wa namna moja. Wako wafagiaji, aghalabu wanawake. Wako wapakiaji wa magari ya taka, aghalabu vijana wa kiume. Na wako waokota chupa, ambao hawakuajiriwa na yeyote. Gari linaloweza kuwaua ni moja, lakini njia za kuifikia hatari ile ni mbalimbali, na anayewatia wote katika kapu moja ataishia kuwapa wote dawa ambayo haimtibu hata mmoja.

Tumwanze mfagiaji. Atazamaye kwa karibu ataona kwamba kinachofagiwa ukingoni mwa barabara za Dar es Salaam, kwa wingi, si taka bali ni mchanga. Mchanga ulioletwa na mvua kutoka mitaa isiyo na lami, ukachukuliwa na magurudumu, ukatupwa pembeni hadi ukazuiwa na mawe ya ukingo. Hauzolewi kwa urembo, maana ukiachwa hujaza mtaro, na mtaro ukijaa maji ya masika hupanda barabarani. Tena pikipiki ikipita juu yake kwa mwendo huteleza. Walakini mchanga ni mzito kuliko karatasi, wataka ufagio ukandamizwe na kuvutwa, na fagio la chelewa, ambalo ndilo lililo mikononi mwa wengi, ni fupi, hata humlazimu mwenye kulitumia ainame mpaka kiuno. Mtu mzima aliyeinama kimo chake hakipiti kimo cha mtoto, na dereva wa lori aliyeketi juu huweza kumpoteza nyuma ya gari dogo lililo mbele yake. Juu ya hayo amejifunga kanga kichwani na masikioni kwa ajili ya vumbi, na mkwaruzo wa fagio lake mwenyewe unamziba kusikia.

Kisha liko suala la uelekeo, ambalo huonekana dogo ilhali ndilo kubwa. Kwa kuwa magari yetu hupita upande wa kushoto, mfagiaji wa ukingo wa kushoto anayefuata mwendo wa magari huwa ameyapa mgongo. Akigeuka kuyakabili atayaona, ila upepo wa magari utamtupia usoni mchanga ule ule anaoufagia. Basi kwa kuyahifadhi macho yake hugeuka tena, na hivyo mtu yule yule, kwa kitendo kimoja, hujikinga na dhara la kila dakika na kujiweka wazi kwa dhara la siku moja. Asithubutu mtu kuuita huu uzembe. Fagio lenye mpini mrefu na miwani ya kinga vingemwezesha kusimama wima na kutazama mbele, na gharama ya vyote viwili ni ndogo hata ni aibu kuijadili. Hata toroli lina lake la kusema: mchanga ukiisha kukusanywa katika vichuguu, huja mwingine na beleshi na toroli kuuzoa, na kwa kuwa toroli haliwezi kupanda jiwe la ukingo, hukaa juu ya lami, na mwenye kulijaza husimama upande wa nje, yaani upande wa magari.

Kuhusu wakati wa kazi, fikra iliyoenea ni kwamba heri kufagia alfajiri, kabla magari hayajawa mengi. Fikra hii ina nusu ya ukweli. Alfajiri magari ni machache, lakini hayo machache hukimbia, taa za barabarani huenda haziwaki, na miongoni mwa madereva wako waliokesha safarini na wako waliokesha kwenye starehe. Mchana magari ni mengi, lakini foleni, ambayo sote twailaani, humfanyia mfagiaji hisani isiyokusudiwa, kwa maana gari linalokwenda hatua kwa hatua haliui kwa urahisi. Ningesema basi kwamba foleni ndiyo mlinzi wa mfagiaji, kama isingekuwa bodaboda. Magari yanaposimama, bodaboda hazisimami. Hutafuta upenyo, na upenyo wa kwanza ni pale pale pembezoni, palipo na mfagiaji na toroli lake. Kwa hiyo hatari haipungui mchana, ila hubadili sura: alfajiri hutoka kwenye lori, mchana hutoka kwenye pikipiki.

Hesabu ya mwendo inafaa kuelezwa, kwa kuwa ndiyo inayohukumu. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kilometa 50 kwa saa kuwa kikomo katika maeneo ya makazi. Gari la mwendo huo hupita mita kama 14 kwa kila sekunde. La mwendo wa 80 hupita mita 22. Dereva aliyeshtuka huhitaji sekunde moja na nusu hivi kabla mguu wake haujaikanyaga breki sawasawa, na kisha breki nayo yataka nafasi. Kwa jumla, katika lami kavu na kwa gari zima, wa 50 atasimama baada ya mita kama 35, wa 80 baada ya mita kama 70. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mtu mzima aendaye kwa miguu akigongwa na gari la mwendo wa 50 uwezekano wa kufa haufiki asilimia 20, lakini kwa mwendo wa 80 wakaribia asilimia 60. Kutokana na hesabu hii hujulikana upuuzi wa desturi ya kuweka koni moja hatua mbili tatu kutoka kwa mfagiaji. Koni hiyo haimwonyi dereva. Humwonyesha tu mahali pa kuligonga fagio. Onyo ni lile linaloonekana kabla ya zile mita 70, na lingine la kulikumbusha, na njia ikaanza kupunguzwa upana kidogo kidogo hata dereva mwenyewe akapenda kupunguza mwendo.

Barabara ya Morogoro ina fumbo lake zaidi. Tangu Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yamekuwa yakipita katika njia zao za katikati, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na njia hizo ni tupu wakati zile za pembeni zimejaa. Mtu anayevuka na fagio lake kutoka upande mmoja hadi mwingine huyatazama magari yaliyosongamana, akaona yamesimama, akahisi barabara nzima imesimama. Kisha akatia mguu katika njia ambayo kwayo basi refu linakuja bila kizuizi, na kutoka pande zote mbili. Macho yaliyozoea barabara ya zamani humdanganya katika mpya. Nionavyo mimi, wafagiaji wa kila upande wangepewa upande wao na kukatazwa kabisa kuvuka penginepo ila kwenye vivuko vya vituo, na hili halihitaji fedha, lahitaji mpangaji wa zamu aliye makini tu.

Mpakiaji wa gari la taka yeye hudhurika kwa namna nyingine. Gari husimama upande mmoja, na viroba viko pande zote mbili. Kwa kuwa kulirudisha gari kwenye foleni ni kupoteza nusu saa, kijana huagizwa avuke mbio, abebe, arudi mbio na mzigo unaomziba jicho moja. Akiisha kupakia, hupanda nyuma, au juu ya shehena yenyewe aishindilie kwa miguu, na gari huondoka naye. Katika matipa ya wazi hana pa kushika ila ubavu wa bati au kamba ya turubai. Anaweza kuanguka kwenye tuta, anaweza kukanyagwa gari likirudi nyuma na dereva haoni. Dawa ya haya ni sheria mbili za kazi ambazo mtoto wa shule angezifahamu: taka za upande mmoja zizolewe kwa safari moja na za upande wa pili kwa safari nyingine, na gari lisiondoke mtu akiwa nyuma yake. Lakini sheria hizo mbili zinakula muda na mafuta, na hapo ndipo tunapofika kwenye shina la jambo lenyewe.

Wasomaji wasidhani kwamba mashaka haya ni ya nchi maskini peke yake. Nchini Marekani kazi ya kuzoa taka imekaa kwa miaka mingi miongoni mwa kazi kumi zinazoua zaidi kwa kadiri ya watu wanaozifanya. Katika mji wa Memphis, tarehe 1 Februari 1968, wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga na mvua ndani ya gari la kushindilia taka, mtambo ukajiendesha, wakasagwa. Wenzao wapatao 1,300 wakagoma. Na Martin Luther King alipokwenda kuwaunga mkono, ndipo alipouawa, tarehe 4 Aprili mwaka ule. Yanayokumbukwa duniani ni mauaji ya mwisho. Yale mawili ya kwanza, yaliyotokana na gari bovu na watu wasio na pa kujisitiri mvua, huachwa kwa wanahistoria. Nayo ndiyo yanayohusiana na makala haya, kwani yanathibitisha kwamba mzoa taka hafi kwa bahati mbaya tu. Hufa kwa matokeo ya mambo yaliyoamuliwa mezani.

Turudi kwetu, tuitazame meza hiyo. Kuzoa taka mjini Dar es Salaam kulikuwa kazi ya halmashauri mpaka mwaka 1994 ilipoanza kukabidhiwa watu binafsi, na baada ya Halmashauri ya Jiji kuvunjwa mwaka 1996 na kuwekwa Tume iliyoongozwa na Charles Keenja, mpango huo ulipanuliwa hata vikundi vya mitaa navyo vikapewa sehemu zao. Sina ubishi na mpango wenyewe, maana ulileta magari mahali ambapo hapakuwa na gari. Ila tazama umeigawa vipi dhima. Barabara kuu ni ya TANROADS. Barabara za mitaa, tangu 2017, ni za TARURA. Taka ni za manispaa au jiji. Fagio ni la mzabuni. Na mwenye kulishika, mara nyingi, ni kibarua wa siku. Anayeweza kupunguza njia ya magari si mwajiri wa mfagiaji; anayemwajiri hana mamlaka juu ya barabara; anayesaini mkataba hayupo barabarani. Maafa yakitokea, kila mmoja huweza kusema kwa haki kabisa kwamba sehemu yake aliitimiza.

Sheria hazikukosekana. Iko Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayomtwika mwajiri wajibu wa kumkinga mfanyakazi wake na kumpa vifaa; iko Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ambayo kwayo uliundwa mfuko wa kumlipa aliyeumia kazini na warithi wa aliyekufa. Lakini mfuko hudai karatasi, na kibarua asiye na mkataba wala jina katika orodha ya mishahara atawezaje kuthibitisha kwamba saa kumi na mbili kasoro robo ya asubuhi ile alikuwa kazini na si mpita njia? Hapa ndipo ninapotoa hukumu yangu: usalama wa mfagiaji huamuliwa siku ya kufungua zabuni. Mzabuni aliyeweka katika bei yake gari la kuwakinga, zamu mbili za pande mbili, mapini marefu na ada ya mfuko wa fidia, atakuwa na bei ya juu. Asiyeviweka atakuwa na bei ya chini. Na maadamu halmashauri huangalia bei bila kuuliza imepunguziwa wapi, anayeshinda ni yule aliyepunguza katika maisha ya watu. Hivyo gharama ya hatari haikuondoka. Imehamishwa tu kutoka daftari la halmashauri hadi mgongo wa mwanamke aliyeinama. Yapasa vitu hivyo viandikwe katika zabuni yenyewe kama sharti, kila kimoja na bei yake ya lazima, ili wazabuni washindane katika mengine.

Sasa kizibao. Hakuna asemaye kwamba hakifai. Rangi yake kali hufanya kazi mchana, kwa kuwa huugeuza mwanga wa jua usioonekana kuwa mwanga uonekanao. Vipande vyake vya fedha hufanya kazi usiku, kwa kuurudisha mwanga wa taa za gari kule kule ulikotoka. Kwa hiyo kizibao chenye rangi bila vipande, na viko vingi sokoni, ni nguo tu ikiwa giza halijatoka. Jua la pwani huifisha rangi ile, vumbi huviziba vipande vile, na kanga iliyofungwa juu yake huvifunika vyote. Fauka ya hayo, kizibao kimekuwa vazi la mji mzima: amevaa bodaboda, amevaa mkusanya ushuru wa maegesho, amevaa muuza vocha, hata jicho la dereva limekizoea na halishtuki. Lawama yangu kwacho si hiyo, bali ni kwamba hukubalika kuwa ushahidi kwamba jambo limefanyika: mkaguzi akiona vizibao, huandika kwamba wafanyakazi wana kinga, akaenda zake.

Kinachomkinga mtu na chuma ni chuma. Katika barabara kuu za Ulaya na Marekani, nyuma ya watu wanaofanya kazi huegeshwa lori zito lenye taa za mishale, na nyuma ya lori hufungwa kifaa cha kupokea mgongano, ili anayekosea aligonge lori badala ya watu. Hatuhitaji kuagiza kifaa hicho. Lile gari la taka lenyewe, likisimama nyuma ya wafagiaji badala ya mbele yao, taa zimewashwa, kwa umbali wa kutosha ili likisukumwa lisiwafikie, lingefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Na kwa kuwa tayari liko barabarani na limekwisha kulipiwa mafuta, sioni udhuru wa kutolitumia.

Bora zaidi ya kukinga ni kuondosha sababu. Viroba vya taka huwekwa kandoni mwa barabara kuu kwa kuwa ndipo gari linapofika kwa urahisi. Vikikusanywa katika vichochoro vya nyuma kwa guta au toroli, na gari likaingia kuvichukua mtaa wa pili, mpakiaji hatakuwa na haja ya kuvuka. Mfano wa kinyume chake uliwahi kuonekana Mombasa, pale Kibarani, ambapo jaa zima lilikaa kwa miaka kando ya barabara iingiayo kisiwani kutoka Changamwe, na waokotaji na malori ya bandarini yakagombea nafasi, hata jaa likafungwa na mahali pale pakageuzwa bustani. Hakuna kizibao ambacho kingeweza kufanya kazi ya uamuzi ule mmoja. Na huku kwetu Tabata wakazi walikwisha kwenda mahakamani mwaka 1988 kuishtaki halmashauri kwa sababu ya jaa, wakashinda. Walilalamikia moshi na afya zao, lakini jambo walilothibitisha ni kwamba mahali taka zinapowekwa ni suala la haki.

Tena wako wanaofagia kwa kujitolea. Tarehe 9 Desemba 2015, mji ukiwa katika kipindupindu kilichoanza Agosti, Rais Magufuli aliifuta sherehe ya Uhuru na kuifanya siku ya usafi, akaokota taka mwenyewe karibu na Ikulu na Feri; na tangu hapo Jumamosi ya mwisho wa mwezi imekuwa siku ya kufagia. Jambo jema. Lakini siku hiyo utaona watoto wa shule na makarani wakifagia pembezoni mwa barabara bila koni wala msimamizi. Kule Texas, ambako mpango wa watu kujitwalia kipande cha barabara na kukisafisha ulianza mwaka 1985, kanuni zake za kawaida ni kizibao, mchana tu, na mafunzo mafupi kabla ya kuanza. Kwetu ingetosha watu wa kujitolea wapewe mitaa na mitaro, na barabara kuu waachiwe wenye kazi yao.

Mashine ya kufagia nitaitaja kwa mukhtasari, kwa kuwa huletwa katika kila mjadala. Ni nzuri katika barabara pana zenye ukingo mzima. Kwenye ukingo uliovunjika na mchanga wa kiganja kizima haifui dafu, na wanawake itakaowaondoa barabarani itawaondoa pia kwenye ujira.

Waliobaki ni waokota chupa, ambao yote niliyokwisha kusema hayawafikii, maana hawamo katika zabuni ya mtu. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, chupa za maji ziliachwa, nazo hutupwa kwenye madirisha ya daladala foleni inaposimama. Na kwa kuwa chupa ina bei kwa kilo, mwokotaji huifuata hadi katikati ya barabara, gunia mgongoni, kabla ya tairi kuipasua. Huwezi kumwamuru avae kizibao, maana hana bwana. Ila ana mnunuzi, na mnunuzi ana mizani, na mizani ina mahali pake. Mizani hizo zikiwekwa vituoni, ambako daladala hushusha watu na mwendo ni mdogo, na makondakta wakalipwa kidogo kwa gunia la chupa walilolikusanya ndani ya basi badala ya kuliachia dirisha, sehemu ya mali ile haitafika lamini kamwe. Manispaa inaweza kulianza jambo hili katika kituo kimoja kikubwa, tuseme Ubungo au Mbagala Rangi Tatu, bila kungoja sheria mpya wala mfadhili, na kwa gharama ya mizani chache na mshahara wa karani mmoja.